Siku watazamaji walipofagia maji

Ndugu msikilizaji, na wewe utakayeyasoma mazungumzo haya gazetini, Jumapili ya wiki iliyopita nilinyeshewa. Nilikwenda kwenye uwanja mmoja wa kriketi hapa Dar es Salaam kwa hisani ya rafiki yangu ambaye mwanawe anacheza. Mchezo haukuwa umefika hata nusu wakati wingu lilipofunga upande wa baharini. Mvua yenyewe ilinyesha kiasi cha dakika ishirini ikakatika. Lakini sisi tulikaa chini ya bati karibu saa mbili tukiwatazama wazee wawili, mmoja na ndoo, mwenzake na kipande cha godoro, wakinyonya maji kwenye nyasi na kuyakamulia ndooni. Walikwenda na kurudi, wakaenda na kurudi. Kijana mmoja aliyekaa jirani yangu akashindwa kuvumilia. "Sasa hawa si waahirishe tu watu warudi makwao? Mpira wa miguu ungekuwa umeshakwisha."

Nilitaka kumjibu pale pale, nikaona jibu ni refu kuliko subira yake. Leo nina dakika zangu kumi na tano, basi namjibu.

Mpenzi wa soka anapaswa kuelewa kwanza kwamba mvua ya soka na mvua ya kriketi ni mvua mbili mbalimbali. Ikinyesha uwanjani tukicheza soka, inawanyeshea wote ishirini na wawili kwa wakati mmoja, tope ni la wote, anayeteleza leo ndiye atakayemcheka mwenzake kesho. Kriketi huchezwa kwa zamu. Timu moja hupiga, nyingine hurusha na kudaka, kisha wanabadilishana. Kwa hiyo mvua huangukia kwenye zamu ya mtu. Mwenzio kapiga juani, ardhi kavu, mpira unadunda kwa adabu. Zamu yako ikifika, mbingu zinafunguka.

Na ardhi yenyewe ina neno katika mchezo huu. Mrushaji hatupi mpira moja kwa moja kwa mpigaji. Kwa kawaida mpira hudunda kwanza kwenye kipande cha ardhi chenye urefu wa mita 20 hivi, ambacho watu wa kriketi hukiita pichi. Kipande hicho hutengenezwa kwa siku nyingi. Udongo wake ni wa mfinyanzi, humwagiwa maji, hupitishwa rola, huachwa ukauke kidogo, hupitishwa rola tena, nyasi zikikatwa kila mara, mpaka ushikamane na kuwa mgumu kama sakafu. Sasa mwagia mvua sakafu hiyo. Ikiwa imelowa chepechepe mpira huteleza tu na hauna madhara makubwa. Hatari huja jua linapotoka. Juu panaanza kufanya ganda, chini bado ni laini, na mpira ukitua hapo hushika, hupinda, mmoja huruka mpaka kidevuni na unaofuata hutambaa kama nyoka. Mpigaji hodari kuliko wote duniani hugeuka mwanafunzi.

Siku hizi pichi hufunikwa kwa turubai mara tu tone la kwanza linapoanguka. Zamani haikuwa hivyo. Uingereza, kulikozaliwa mchezo huu, waliziacha pichi wazi kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, wakiamini kuwa mvua nayo ni sehemu ya mchezo na mwanamume hana budi kuipokea. Huku kwetu Afrika Mashariki mashindano mengi yalichezwa juu ya jamvi la makumbi lililotandikwa kwenye udongo ulioshindiliwa na kukazwa kwa misumari pembezoni. Jamvi lina hekima yake. Mvua ikija unalikunja, ikiondoka unalitandika.

Baada ya maelezo hayo, twende London, mwezi Agosti mwaka 1968.

Uingereza na Australia walikuwa katika pambano la tano na la mwisho la msimu ule, kwenye uwanja wa Oval, kusini mwa jiji. Australia walikuwa mbele kwa ushindi mmoja, na Waingereza walihitaji kushinda ili angalau wagawane heshima. Mapambano ya aina hiyo huchukua siku tano, na muda ukiisha kabla timu ya mwisho haijatolewa yote, ni sare, hata kama timu hiyo iko nyuma kwa mikimbio mia mbili. Siku ya tano, tarehe 27 Agosti, Australia walitakiwa kupata mikimbio 352. Ilipokaribia saa ya chakula cha mchana walikuwa hawajafika hata 90 na nusu ya wapigaji wao walikuwa wamekwisha kutolewa. Wamekwisha, watu wakasema.

Ndipo mvua ikashuka. Haikuwa manyunyu ya Kizungu yale tunayoyasikia. Ilikuwa mvua ya kwelikweli, na kwa muda mfupi uwanja wa Oval ukawa ziwa. Picha za siku ile zipo hadi leo: maji yametuama kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine. Mvua ikakoma, jua likatoka, lakini kwa hesabu ya kawaida siku ilikuwa imekwisha. Kazi ile ilikuwa kubwa mno kwa wafanyakazi wa uwanja peke yao.

Basi watazamaji wakaombwa wasaidie, nao wakashuka. Watu waliolipa kiingilio, wengine na suti zao, wakashika mafagio, magunia na mablanketi. Wengine wakapewa uma za bustani wakawa wanaichoma ardhi matundu ili maji yazame. Wakasukuma, wakakamua, wakachoma. Ilipofika saa kumi na moja kasorobo waamuzi wakaridhika, mchezo ukaendelea. Zilikuwa zimebaki dakika 75.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana kijana wangu wa chini ya bati angeuliza: hiyo ni haki? Watazamaji wa nyumbani wanakausha uwanja ili wageni wapate kupigwa? Nimelifikiria swali hilo na jibu langu ni kwamba maji yale hayakuwa ya Australia. Lakini sitabishana sana na Mwaustralia atakayeniambia kuwa, kama Waingereza ndio wangekuwa wanasubiri kuokolewa na mvua, mafagio yangekuwa machache kidogo.

Kwa dakika arobaini za mwanzo kazi yote ile ilielekea kuwa bure. Pichi ilikuwa imelowa mno, mpira haukushika, na Waaustralia wawili, John Inverarity na Barry Jarman, wakazuia kila kilichokuja. Nahodha wa Uingereza, Colin Cowdrey, akabadilisha warushaji mmoja baada ya mwingine, na saa inakwenda. Mwishowe akampa mpira mtu ambaye hakuwa mrushaji wake mkuu, Basil D'Oliveira. Akamtoa Jarman. Mlango ukafunguka. Cowdrey akamrudisha Derek Underwood, kijana aliyekuwa akirusha kwa mkono wa kushoto, na wakati huo jua lilikuwa limeanza kufanya kazi yake juu ya ule udongo. Underwood akawatoa wanne waliobaki kwa mipira 27. Ipo picha ya wiketi ya mwisho: wachezaji wote wa Uingereza wamemzunguka mpigaji kwa karibu, kama watu wanaotazama karata mezani. Australia walitolewa wote kwa 125, Uingereza wakashinda kwa mikimbio 226, zikiwa zimebaki dakika chache zisizofika kumi.

Vitabu vya michezo humtaja Underwood, na ni haki yake, kwani alichukua wiketi saba kwa mikimbio 50. Mimi nataka nimzungumzie yule aliyefungua mlango.

Basil D'Oliveira alikuwa mzaliwa wa Cape Town. Sheria za Makaburu zilimweka katika kundi la Machotara, maana yake hakuruhusiwa kuchezea nchi yake wala kupiga mpira kwenye nyasi nzuri za Newlands. Kule alikwenda kama mtazamaji tu, akikaa sehemu waliyotengewa wasio Wazungu. Yeye na wenzake walicheza Green Point, uwanda wa wazi ambako mechi kadhaa zilichezwa sambamba, mpira wa huku ukiangukia kule. Pichi walizitengeneza wenyewe: waliokota mawe, wakashindilia changarawe, wakatandika jamvi, ndipo wakacheza. Mtu huyu, kabla ya kujulikana duniani, alijua kazi ya mtunza uwanja kwa viganja vyake.

Tena si mgeni kwetu kabisa. Mwaka 1956 timu ya Waasia wa Kenya ilikwenda Afrika Kusini kucheza na timu ya wasio Wazungu ambayo nahodha wake alikuwa D'Oliveira, na mwaka 1958 yeye akaiongoza timu hiyo kuja Afrika Mashariki. Huku alikuwa nahodha wa taifa lake, heshima ambayo kwao asingepewa hata kama angepiga mikimbio elfu.

Alimwandikia barua mtangazaji wa redio wa Uingereza, John Arlott, akimwomba amtafutie kazi ya kucheza. Naona fahari kidogo kuwa aliyemsikia alikuwa mtu wa redio. Mwaka 1960 akaenda kuchezea klabu ya Middleton, karibu na Manchester, na mwaka 1966 akaichezea timu ya taifa ya Uingereza. Njiani alijipunguzia umri ili asionekane mzee, jambo ambalo wafuatiliaji wa soka la vijana hapa kwetu hawatalishangaa.

Katika mchezo ule wa Oval hakuwa hata kwenye orodha ya kwanza. Aliitwa baada ya mwenzake, Roger Prideaux, kujitoa kwa ugonjwa. Alipofikisha mikimbio 31, Jarman, aliyekuwa akidaka nyuma ya wiketi, aliuangusha mpira ambao ungemtoa. D'Oliveira akaendelea mpaka 158. Ni Jarman huyo huyo aliyekuja kumtoa siku ya mwisho kwenye ardhi iliyokaushwa kwa magunia.

Na kwa nini mikimbio 158 ilikuwa na uzito kiasi hicho? Kwa sababu usiku ule ule wa tarehe 27 Agosti, mafagio hayajakauka, wateuzi waliketi kuchagua timu ya kwenda Afrika Kusini. Kesho yake majina yakatangazwa. D'Oliveira hakuwemo. Tukaambiwa ni sababu za kimchezo tu. Mtu amepiga 158, amevunja ukuta wa Australia katika saa ngumu kuliko zote, halafu eti kimchezo hafai! Uingereza ikachemka, hata baadhi ya wanachama wa chama chenyewe cha kriketi wakagoma kukubali. Katikati ya Septemba mchezaji mmoja aliyeteuliwa, Tom Cartwright, akajitoa kwa kuumia, D'Oliveira akaingizwa mahali pake. Waziri Mkuu wa Makaburu, John Vorster, akasema timu hiyo haipokei. Ziara ikafutwa kabla ya mwezi kwisha.

Yaliyofuata wengi mnayajua. Ziara ya Afrika Kusini nchini Uingereza mwaka 1970 ikafutwa nayo, na tangu mwaka huo timu yao ya kriketi ikatengwa na dunia kwa zaidi ya miaka ishirini. Raga ilichelewa kufuata, na kuchelewa huko sisi Watanzania tulikulipia: mwaka 1976 New Zealand walipeleka timu ya raga kwa Makaburu, nchi za Afrika zikasusia michezo ya Olimpiki ya Montreal, na Filbert Bayi, aliyekuwa ameivunja rekodi ya dunia ya mita 1500, hakukimbia.

Sisemi kwamba mafagio ya Oval yaliuangusha ubaguzi wa rangi. Mikimbio 158 ilipigwa kabla ya mvua, na wateuzi wangekutana usiku ule hata kama uwanja ungebaki ziwa. Lakini mchezo ungekuwa sare, mchango wa D'Oliveira ungekuwa kitu cha kusahaulika katika msimu wa kushindwa, na kumwacha ingekuwa rahisi zaidi. Walimwacha saa chache baada ya ushindi ambao nchi nzima ilikuwa ikiushangilia. Hilo ndilo lililowaumbua.

Mvua na Afrika Kusini hawakuishia hapo. Mandela alitoka gerezani mwaka 1990, mwaka uliofuata Afrika Kusini ikarudi kwenye kriketi, na tarehe 22 Machi 1992 ikawa inacheza nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Sydney. Siku tano tu kabla, wapiga kura Wazungu walikuwa wameulizwa kama mazungumzo ya kuumaliza ubaguzi yaendelee, wakasema ndiyo. Wapinzani wao ni nani? Uingereza.

Huu ulikuwa mchezo wa siku moja. Afrika Kusini walihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13, kazi ngumu lakini inayowezekana. Mvua ikanyesha dakika 12. Sasa safari hii hapakuwa na watu wa kushuka na magunia. Kilichofanya kazi ni kanuni iliyoandikwa ofisini. Kanuni ya zamani ilikuwa inaipendelea timu inayopiga ya pili, wakaona wairekebishe. Iliyotungwa ilisema hivi: muda ukipungua, ziondolewe ova, nayo mikimbio inayopunguzwa iwe ile iliyopatikana katika ova mbovu kuliko zote za timu ya kwanza. Ziliondolewa ova mbili, yaani mipira 12. Lakini ova mbili mbovu za Waingereza ndizo zile ambazo Waafrika Kusini wenyewe waliwabana wasipate karibu kitu. Basi mipira ikapunguzwa 12, mikimbio ikapunguzwa mmoja. Waliambiwa wapate 21 kwa mpira mmoja, na ubao wa uwanjani ukakosea ukaandika 22. Brian McMillan akausukuma ule mpira, akachukua mkimbio mmoja, wakatoka.

Timu iliyonyeshewa Sydney ilikuwa ya Wazungu watupu, na wapo waliosema wacha wapate. Mimi sisemi hivyo. Waliadhibiwa kwa sababu walirusha vizuri. Kanuni inayomwadhibu mtu kwa wema wake ni mbaya hata kama humpendi huyo mtu.

Kutokana na fedheha ile, wanahesabu wawili wa Uingereza, Frank Duckworth na Tony Lewis, wakatunga hesabu mpya inayotazama ova zilizobaki pamoja na wapigaji waliobaki. Ilitumika mara ya kwanza Harare, tarehe 1 Januari 1997, Zimbabwe ikaifunga Uingereza kwa mikimbio saba. Nyongeza za baadaye zimeifanya ibebe na jina la tatu, la Steven Stern. Ni hesabu nzuri. Shida yake ni kwamba lazima mtu aisome karatasi sawasawa.

Hilo nalijua kwa aibu yangu. Tarehe 3 Machi 2003 nilikuwa mwanafunzi wa stashahada ya uandishi wa habari, nikifanya mazoezi chumba cha habari cha redio moja, na zamu ya usiku ilikuwa yangu. Afrika Kusini, wenyeji wa Kombe la Dunia, walikuwa wakicheza na Sri Lanka mjini Durban, na mvua inashuka. Karatasi waliyokuwa nayo iliwaambia 229 mwisho wa ova ya 45. Mark Boucher akapiga mpira wa sita ukatoka nje ya uwanja, hesabu ikafika 229, na mpira wa mwisho wa ova akauzuia tu, akiamini wameshinda. Kumbe 229 ilikuwa ya sare. Walihitaji mmoja zaidi. Mvua ikazidi, mchezo ukakatishwa, wenyeji wakatoka mashindanoni. Nami mezani kwangu nilikuwa nimekwisha kuandika taarifa kwamba Afrika Kusini imeshinda. Mhariri wa zamu, mzee mmoja mkali, aliisoma, akaichana, akaniambia, "Hesabu kwanza, kijana." Nilijifariji kwamba nimekosea pamoja na nahodha Shaun Pollock.

Waliosonga mbele kutoka kundi lile walikuwa Sri Lanka, New Zealand na jirani zetu Kenya. Hao Kenya, wakiongozwa na Steve Tikolo, walikuwa wamewafunga Sri Lanka kwa mikimbio 53 mjini Nairobi, na New Zealand waliogopa kusafiri wakawaachia pointi. West Indies nao walikuwa wamepoteza pointi kwa mvua walipocheza na Bangladesh. Kenya wakafika nusu fainali, wakacheza na India tarehe 20 Machi, Durban, uwanja ule ule wa Kingsmead. Walifungwa kwa mikimbio 91.

Turudi chini ya bati. Wale wazee wawili waliendelea na ndoo na godoro lao mpaka waamuzi walipotoka, wakakanyagakanyaga nyasi, wakainama kuigusa ardhi, wakakubaliana zichezwe ova kumi kila upande. Nilimfuata yule mwenye ndoo nikamuuliza amefanya kazi ile miaka mingapi. Akasema tangu enzi za jamvi, na kwamba jamvi lilikuwa rahisi zaidi ila lilikuwa zito kulibeba likilowa. Yule kijana aliyeuliza swali alikuwa ameshaondoka. Mwana wa rafiki yangu alitolewa mpira wa tatu.